Jibu: Kilo za tope chujio la mchanga likioshwa

Mdogo wangu, nimekuelewa: uko mafunzoni kwenye mtambo wa maji hapo Tanga, msimamizi anataka kilo za tope linalotoka kila chujio la mchanga linapooshwa, nawe umechota chupa moja tu. Haitoshi. Mwanzoni maji hutoka mazito kama chai ya maziwa, kisha yanatakata. Chupa moja itakudanganya.

Chota kila baada ya sekunde 30 hadi yatakate. Maabara, chuja kila sampuli, kausha karatasi kwenye oveni nyuzi 103 hadi 105, pima uzito wa tope kwa kila lita. Kama pampu haibadili kasi, chukua wastani, zidisha na maji yaliyooshea. Miligramu 1 kwa lita ni gramu 1 kwa mita ya ujazo, hivyo wastani wa miligramu 200 kwa lita, kwa mita za ujazo 40, ni kilo 8.

Halafu hakiki, na hatua hii usiiruke kabisa: chembe zinazoingia kwenye chujio toa zinazotoka, zidisha na maji yote yaliyochujwa tangu lioshwe mara ya mwisho. Tofauti ya miligramu 7 kwa lita, kwa mita za ujazo 1,200, ni kilo 8.4, zinakaribiana. Pima maji yaliyotoka tangi la kutuamishia, si maji ghafi ya Mto Zigi. NTU, yaani kipimo cha ukungu wa maji, usiigeuze miligramu kwa kukisia. Mvua ikinyesha Usambara uwiano wa NTU na miligramu hubadilika.

Tope linalotoka likiwa pungufu ya hesabu hiyo ya linaloingia kila mara, huenda madonge ya tope yamejijenga mchangani. Mwite mhandisi, ukiongeza kasi ya maji ya kuoshea mwenyewe utaupoteza mchanga. Na usichote peke yako, ukingo unateleza.