Kabla Hujauliza Mshahara, Omba Rosta

"Shikamoo kepteni. Mimi ni kijana wa Moshi, nimemaliza CPL, leseni ya rubani wa biashara, Afrika Kusini. Nina nafasi mbili mkononi. Moja ni ya Caravan, ndege ndogo ya watalii, hapo Kisongo, uwanja wa Arusha, nyingine ni rubani msaidizi kwenye shirika la Dar. Wazazi wanataka niende Dar. Naomba unisaidie, ipi ina maisha?"

Marahaba, mdogo wangu. Tuliongea kidogo kwenye simu, lakini nimeona niandike kabisa, maana swali hili haliishi. Nimefurahi kwamba hukuanza na "ipi inalipa". Wengi wanaonitafuta huanza na mshahara, kisha ukubwa wa ndege, kisha kama kuna safari za nje. Suala la kulala wapi na kula na nani hawalifikii.

Mimi nimekaa pande zote mbili. Nilianzia kwenye Caravan, nikaenda shirikani Dar, nikapanda mpaka ukepteni, halafu nikarudi Arusha kwa hiari yangu. Narudia, kwa hiari yangu, kwa sababu hapa mjini wapo wenye hadithi yao. Habari za shule, madeni na kusota kutafuta kazi nazipita. Kila rubani anazo na zote zinafanana.

Maisha ya shirikani huanzia kwenye rosta, ile ratiba ya zamu zako za mwezi. Inatoka mwishoni mwa mwezi, na siku hiyo nyumba nzima inanyamaza mpaka baba amalize kuisoma. Ndege ya saa kumi na mbili asubuhi maana yake gari la krew liko mlangoni alfajiri na mapema, kwa hiyo unaamka saa tisa. Waliochunguza uchovu wa marubani wanajua mwili unakuwa chini kabisa wakati gani, na sheria za Ulaya zimezitaja saa zenyewe: kuanzia saa 8:00 usiku hadi saa 11:59 alfajiri. Ndizo saa ambazo mimi nilikuwa nanyoosha shati.

Utaruka Dar–Mwanza–Dar–KIA–Dar (KIA ni uwanja wa Kilimanjaro), urudi nyumbani mchana watoto wa jirani wakipiga kelele, ujilazimishe kulala. Kesho yake standbai. Hiyo ni siku ambayo uko nyumbani lakini haupo. Bia huigusi, Bagamoyo huendi, na simu inaingia nayo bafuni. Isipolia, watu wanasema ulikuwa mapumziko. Rafiki yangu mmoja mwenye duka alisikia kwamba Ulaya kikomo cha rubani ni saa 100 za kuruka kwa siku 28, akacheka sana. "Hizo si saa za kazi, hizo ni likizo!" Hajui kwamba saa hizo zinahesabiwa ndege inapoanza kusogea mpaka inaposimama. Kusubiri mafuta Mwanza, kusubiri abiria, kusubiri mvua ipungue, gari la krew kwenye foleni, vyote hivyo haviingii humo.

Familia yangu ilibaki Usa River, maana mke wangu ana kazi yake huku na sikuwa tayari kumwambia aiache. Kwa hiyo siku zangu za mapumziko zilianza kwa kutafuta kiti. Watu wanadhani rubani anapanda tu ndege anavyotaka. Tiketi ya mfanyakazi ni ya nafasi ikibaki. Abiria wakijaa, unabaki umekaa na begi lako unaangalia ndege ya kwenu inaondoka, na siku moja ya mapumziko imeshaliwa. Kurudi kazini ni hesabu ile ile, ila sasa ukikosa kiti una kesi, kwa hiyo unaondoka nyumbani siku moja mapema. Ukiona kwenye rosta siku tatu za kupumzika, mkeo anapata moja, tena umelala.

Halafu Desemba. Wewe ni wa Moshi, sihitaji kukueleza Krismasi ni nini kwetu. Mwaka mmoja nilikuwa kwenye ndege ya mwisho kwenda KIA kabla ya sikukuu. Imejaa Wachagga mpaka kiti cha mwisho, watu wanasalimiana kwa Kichagga toka Dar, maboksi yamefungwa kamba, na dada yangu wa damu kakaa nyuma kabisa karibu na choo. Tulipotua nikashuka kusaini karatasi za mafuta. Dada akanipita pale chini ya ngazi, akanishika mkono, akasema, "Basi sisi tunaenda." Kaka yetu alikuwa nje na Noah, anamsubiri. Mlima ulikuwa wazi kabisa jioni ile, na Kibosho iko pale pale unapoangalia. Mama mmoja mtu mzima akaniuliza, "Na wewe baba, begi lako liko wapi?" Nikamwambia narudi na ndege. Akaniangalia kama mtu aliyefiwa. Tuliondoka na viti vingi vitupu, na usiku dada akanitumia picha ya ndafu, mbuzi mzima wa kuchomwa.

Hilo la Krismasi nililimeza, kila kazi ina sikukuu zake. Lililonikaa kooni ni misa ya mwaka ya baba yangu. Niliomba ruhusa miezi mitatu kabla, kwa maandishi. Rosta ilipotoka nimepangwa siku hiyo hiyo. Mpangaji akanijibu kwa upole tu kwamba kuna wenzangu wanne wameomba siku ile na wote wako juu yangu kwenye orodha. Na kweli, mashirika mengi ya ndege duniani yanaenda hivyo. Tarehe uliyoajiriwa ndiyo inaamua likizo yako, ndege yako, na lini utakuwa kepteni. Ukihama kwenda shirika jingine, hata uwe na nywele nyeupe, unaanza chini. Misa ya baba ilisomwa Kibosho, mimi niko Mwanza nasubiri boza la mafuta. Mpangaji simlaumu. Ila halijanitoka.

Sasa usikimbilie kudhani Caravan ni mbinguni. Asubuhi kabla ya saa moja niko Kisongo, na mabegi nayapakia mimi, kepteni mzima mwenye mistari minne begani. Kikomo ni kilo 15 kwa mtu, begi laini, lakini kila siku yupo mgeni mmoja aliyekuja na sanduku gumu kama la kuhamia nyumba. Rubani ni mmoja. Hakuna wa kuulizana naye kuhusu lile wingu la Ngorongoro, unaliamua mwenyewe. Unatua Manyara, ule uwanja ulioko juu ya ukingo wa bonde, unashusha wawili. Unaruka Seronera, ndani ya Serengeti, unashusha wanne, unachukua watatu. Unaenda Kogatende, na kabla hujatua unapita chini mara moja kuangalia kama dereva wa kambi amewafukuza pundamilia. Mchana joto likipanda, hewa ya juu kule inakuwa nyepesi, ndege inasita kunyanyuka, na abiria wa nyuma anatapika. Kutoka Julai hadi Oktoba unafanya hivyo mpaka unaota vumbi. Masika ya Aprili na Mei kambi nyingi zinafungwa, na kama malipo yako yanategemea safari, mfuko unauhisi.

Lakini haturuki gizani. Viwanja vya porini vinataka jua, kwa hiyo jua likizama ndege imefungwa. Napita barabara ya mchepuko, siuoni msongamano wa mjini, na mtoto ananikuta mezani anapofanya hesabu zake. Jumapili nyingi naenda kanisani na mama Kibosho. Mimi hayo ndiyo nayahesabu.

Wengine wanahesabu tofauti. Kwenye harusi ya binamu yangu pale Moshi, baba mdogo alishika maiki kutambulisha ukoo. Alipofika kwangu akasema, "Na huyu ni kijana wetu, alikuwa anarusha ndege kubwa." Alikuwa! Watu wakapiga makofi ya huruma. Baba mdogo, kama unasoma hapa, mimi ndiye ninayewapa mtihani marubani wapya wa Caravan kazini kwetu, na kati ya vijana niliowafundisha wapo walioketi kiti cha kushoto, cha kepteni, kwenye hizo ndege kubwa unazozipenda. Yaishe.

Vijana, nisikilizeni. Mmedanganywa na picha za kokpiti. Picha inapigwa mawinguni jua likichomoza, haipigwi saa tisa usiku ukipiga pasi. Usichague kazi kwa ajili ya watu watakaokupigia makofi harusini, hao hawalali nyumbani kwako. Kabla hujauliza mshahara, omba rosta. Usikubali ile ya mfano ya ofisi ya ajira. Mtafute rubani wa ngazi yako, mnunulie soda, mwombe rosta zake mbili: ya mwezi uliopita na ya Desemba. Hesabu ni siku ngapi kalala kwake. Kisha muulize mke wake, kama anaye. Yeye ndiye anajua.

Na wewe unayetamani Caravan kwa sababu ya jua na tembo, na yako ipo. Leseni ya juu, ATPL, kwa viwango vya ICAO, shirika la anga la Umoja wa Mataifa, inataka saa 1,500, na humo lazima ziwemo saa 100 za usiku. Hizo za usiku utazitoa wapi, wewe unayefunga ndege jua likizama? Nimeona kijana ana saa elfu tatu kwenye logibuku na bado anahangaika nazo. Panga mapema ukiwa bado huna mke na ada za shule, vinginevyo Serengeti itakushika hapo hapo bila kukuuliza. Pia ukifika miaka 40 na unabeba abiria peke yako, cheti cha afya daraja la kwanza kinadumu miezi 6, wakati mwenzako wa ndege ya marubani wawili anakaa na chake miezi 12. Ukifika 60, viwango hivyo hivyo vinasema safari za kimataifa za rubani mmoja basi. Wa marubani wawili anaenda mpaka 65. Kwa hiyo anayekuambia Caravan ni ya kuzeekea, muulize kazeekea wapi yeye.

Wa Moshi, nikijibu lako moja kwa moja: wewe huna mke, huna mtoto, na una deni la wazazi waliouza shamba. Nenda Dar. Chukua saa za usiku, chukua uzoefu wa ndege ya marubani wawili, jifunze nidhamu ya shirika ukiwa na mwili wa kuamka saa tisa. Siku rosta itakapoanza kuwala watu wako, Kisongo haihami. Ila usisaini kabla ya Jumamosi. Shirika likikulipia mafunzo ya aina ya ndege litakufunga kwa bondi, yaani ukiondoka mapema unadaiwa gharama zake, na hapo ndipo vijana wanapofungwa miguu: ni miaka mingapi, deni linapungua kila mwezi au linakaa zima mpaka siku ya mwisho, na wakikuachisha wao nani analipa. Njoo Usa River mchana na mkataba wenyewe, kurasa zote, siyo picha za simu. Na mzee mlete.