Kabla hujaibeba hiyo ngoma kwenda Doolin

Mkuu, kama risiti bado unayo, irudishe hiyo ngoma dukani leo leo. Umeandika kwamba Jumamosi unakwenda Doolin, kule Clare, Ireland, kusikiliza muziki wa asili wa Kiairishi kwenye baa. Muuzaji amekwambia bodhrani, yaani hiyo ngoma ya Kiairishi ya fremu inayopigwa kwa kijiti, "haihitaji ujuzi", na unauliza ufike saa ngapi, uvae nini, kiingilio ni kiasi gani, na kama unaweza kukaa na wapigaji uwasindikize. Hilo la mwisho ndilo linaloniuma, maana hata mimi niliuziwa kwa maneno hayo hayo. Anayemwambia mgeni hivyo anamuuzia pambo la ukutani kwa bei ya ala.

Itazame vizuri. Ngozi ni ya mbuzi. Baa ikijaa watu wenye makoti yaliyolowa mvua, ngozi inanyonya unyevu, inalegea, inalia kama ndoo. Ukiisogeza karibu na moto inakaza kupita kiasi. Ndiyo maana bodhrani ya kazi ina skrubu ndani ya fremu, za kukaza na kulegeza. Yako imechorwa mafundo ya Kiselti na skrubu haina hata moja.

Halafu mkono. Rili, aina ya muziki wa dansi, huhesabiwa nne nne: chini-juu-chini-juu, na kila mkazo unaangukia kijiti kikishuka. Jigi, aina nyingine ya dansi, ni 6/8, yaani mapigo sita yanayokwenda matatu matatu: chini-juu-chini, juu-chini-juu. Mkazo wa pili unaangukia kijiti kikipanda! Asiyelijua hilo hulazimisha kila mkazo uende chini, jigi inachechemea, na mpiga fidla aidha anakufuata kwenye shimo au anaacha kupiga.

Lakini kosa linalovunja jioni nzima ni kuanza kupiga wakati kuna mwenzako tayari ana bodhrani. Fidla tatu na filimbi zikipiga pamoja zinaongezeana utamu, kwa sababu zote zinafuata melodi moja. Bodhrani mbili hazina melodi ya kuzifunga. Kila mmoja anaweka mkazo anapopenda yeye, mmoja akichelewa kidogo tu mdundo unakuwa matope, na wenye melodi hawajui wamshike nani. Bodhrani moja kwa wakati mmoja, mkuu. Moja!

Hata kama hakuna mwingine, muombe ruhusa anayeanzisha nyimbo, kisha uache wimbo uzunguke wote mara moja: sehemu ya kwanza mara mbili, ya pili mara mbili. Mara nyingi wapigaji huupiga mara tatu, kisha wanaingia mwingine bila kusimama, kwa hiyo macho yawe kwa mwanzishaji, si kwa kijiti chako. Mtu akiimba peke yake bila ala, usiguse ngozi kabisa.

Na kama Jumamosi ni lazima uibebe, iache ndani ya mfuko chini ya kiti mpaka mwenye bodhrani aweke kijiti chake mezani na kukuita.