Lawama ni ya yule aliyebadilisha laini bila kuangalia

Wiki hii mmeuliza pikipiki na gari zikigongana lawama iende kwa nani. Naona wengi wanajibu mbio mbio, huyu ati ni boda, yule ati ni wenye magari wanaona barabara ni ya baba yao. Mimi nimebeba watu na nduthi, yaani pikipiki, miaka 6 huko Kawangware, Nairobi, saa hii naendesha teksi, hivyo hizo viti zote mbili nimezikalia. Jibu langu ni kwamba mwenye makosa ni yule amebadilisha laini bila kuangalia, awe na magurudumu mawili ama manne, na mara nyingi wote wawili wamefanya hivyo kwa sekunde moja.

Wacha niwaambie yangu. Ilikuwa jioni Naivasha Road, jam imesimama kabisa kuelekea Dagoretti Corner, nimebeba mama wa soko na gunia ya sukuma wiki katikati yetu. Nikafanya vile sisi wote hufanya, nikatoka kulia nikaanza kupita ile foleni, niko laini ya wanaokuja. Mbele kuna petrol station upande wa kulia na mzee mmoja kwa foleni akaamua kuingia huko. Indiketa yake niliiona, ile ya manjano, lakini aliiwasha wakati ule ule anakata usukani, na mimi hata kama nilikuwa kwa kilomita 40 kwa saa hiyo ni mita 11 kila sekunde, nilifika kwa mlango wake kabla mguu ufike kwa breki. Mama akaruka upande moja, kiatu upande ingine, sukuma imetandazwa lami yote.

Sasa hapo mnaniambia nani? Mzee hakuangalia saidi mira, angeangalia angeniona, helmeti yangu ilikuwa nyekundu. Lakini mimi pia nilikuwa napita magari mahali kuna njia ya kuingia, kwa laini si yangu, na abiria mgongoni. Ningekuwa pekee yangu ningesema ni maisha yangu.

Kabla hata nisimame wasee wa stage, waendesha boda wenzangu, walikuwa wamefika, sijui walitoka wapi wote hao, funguo ya gari imeshatolewa, mzee anasukumwa, ati alipe ama gari ichomwe. Hakuna mtu aliuliza ilikuwaje. Na hii kitu lazima tuiseme sisi wenyewe tuliokuwa kwa hiyo kazi, kukusanyana hivyo si kutetea mwenzetu, ni kunyanganya mtu. Mliona vile iliisha Forest Road Machi 2022, mama dereva akavamiwa na waendesha boda na kudhalilishwa mchana kweupe mpaka Rais Uhuru akaamuru msako. Alafu kelele ikianza ushahidi unaisha, gari inasogezwa, pikipiki inainuliwa, trafiki akifika hana cha kupima. Korti hugawa lawama, inaweza kuwa nusu kwa nusu ama 70 kwa 30, lakini itagawa na nini kama hakuna hata OB, ile rekodi ya tukio kwa kitabu cha polisi?

Wenye magari nao, shule ya udereva tulisukuma vigari vya plastiki kwa ile modeli ya mji, laini hii laini ile, na kwa hiyo bodi yetu sikuwahi kuona pikipiki hata moja. Unatoka hapo na leseni unaingia Jogoo Road ambapo ziko kushoto, kulia, na katikati. Mimi nayo nduthi nilifundishwa na rafiki jioni mbili kwa uwanja, siku ya tatu nimebeba mtoto wa mtu. Pikipiki ndogo ziliondolewa VAT 2008 vijana wakapata kazi, sawa, mimi mmoja wao, lakini barabara zilibaki zile zile na mafunzo hakuna mtu alifuatilia. Saa hii nikikata kulia nawasha indiketa mapema, naangalia kioo, alafu nageuza shingo kabisa kwa sababu nduthi hujificha kwa ile kona kioo haioni.

Ile jioni wasee walitoa mzee 8,000 kwa simu, zikaingia kwangu. 3,500 nikatengeneza shoki na taa, zingine zikagawanywa stage. Mama alikuwa amekaa kando ameshika goti, akaniambia tu "kijana wangu, nitafutie kiatu." Nilikipata chini ya gari. Pesa sikumpa hata moja siku hiyo, nilimpelekea 1,000 baada ya wiki mbili na X-ray alikuwa ameshajilipia. Bado namuona pale sokoni, akishuka ngazi anatanguliza ule mguu mwingine.