Kipimajoto Kinachogoma Kushuka

SWALI: Ndugu Mhariri, marehemu mama yangu, aliyekuwa muuguzi, aliniachia kipimajoto cha kioo chenye zebaki. Kila ninapotaka kumpima mwanangu homa hunibidi kwanza nikikung'ute kwa nguvu ndipo zebaki ishuke, ilhali kile cha ukutani dukani kwetu hupanda na kushuka chenyewe. Je, changu kimeharibika?
Msomaji, Ujiji, Kigoma.

JIBU: Hakijaharibika, dada yangu, kimeundwa hivyo kwa makusudi. Ukikitazama kwa makini, juu kidogo ya ile ncha inayohifadhi zebaki, utaona kwamba mrija wa ndani umebanwa mahali padogo sana. Zebaki inapopata joto la mwili hutanuka kwa nguvu ya kutosha kupenya mbano huo, lakini inapopoa husinyaa na uzi wake hukatikia hapo hapo, hivyo kipande cha juu hubaki kimesimama pale kilipofikia. Bila mbano huo, zebaki ingeanza kushuka mara tu mama yako alipokitoa kwapani mwa mgonjwa, kabla hajakisogeza dirishani akisome. Kile cha dukani husomwa papo hapo kilipotundikwa, kwa hiyo hakina haja ya mbano.

Mrija wenyewe ni mwembamba mno, ili badiliko la sehemu moja ya kumi ya nyuzi lionekane, na kwa kawaida vipimo vyake huanzia nyuzi 35 na kuishia 42 za Selsiasi. Kwa sababu hiyo usikioshe kamwe kwa maji ya moto (wako wanaodhani wanaua vijidudu), kwani zebaki itakosa pa kwenda na kioo kitapasuka.

Vya kidijiti havina zebaki. Katika ncha yake mna kipande kidogo ambacho ukinzani wake wa umeme, yaani jinsi kinavyouzuia umeme kupita, hupungua kadiri joto linavyopanda, na kazi ya mbano imechukuliwa na kumbukumbu, inayoshikilia kipimo cha juu kabisa hadi ukizime.

Ningekushauri utumie hicho cha kidijiti, na cha mama ukitunze kama ukumbusho, mbali na watoto. Mvuke wa zebaki ni sumu, na nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, zilikubaliana kuwa vipimajoto vya aina hiyo visitengenezwe wala kuingizwa nchini baada ya mwaka 2020. Kikivunjika, fungua madirisha, watoe watoto chumbani, na usifagie, kwa maana ufagio huzitawanya chembe zake. Zikusanye kwa karatasi ngumu, uzitie katika chupa yenye kifuniko.