Kuwafundisha Watoto Habari za Nahodha Kidd: Anza na Meli Iliyoporwa

Mwaka wa kwanza nilipofundisha habari za maharamia katika darasa la tano, niliingia darasani nimeziba jicho moja kwa kitambaa cheusi na kushika upanga wa ubao, na kwa dakika 40 nilikuwa mwalimu anayependwa kuliko wote shuleni. Wiki ile ile mama mmoja alikuja ofisini na malalamiko ya haki kabisa: mwanawe alikuwa amerudi nyumbani na njaa siku tatu mfululizo, kwa sababu kikundi cha wavulana wa darasa langu kilikuwa kikimtoza kashata kila aliyepita karibu na mwembe na kuiita kodi ya nahodha. Nilimwomba radhi, kisha nikakaa kujiuliza nilikuwa nimefundisha nini hasa. Nilikuwa nimefundisha upanga. Mtu aliyenyang'anywa hakuwamo katika somo langu, na kwa hiyo hakuwamo katika mchezo wao.

Tangu hapo nimelirudia somo hilo mara kadhaa hapa Tanga, na kwa mwalimu mwenzangu anayefikiria kulifundisha nina ushauri mmoja ambao mengine yote yanautegemea: anza na meli iliyoporwa, shehena yake na wenye mali, ndipo umlete haramia. Nilimchagua William Kidd, Mskoti aliyenyongwa London mwaka 1701, kwa sababu kesi yake iliacha karatasi nyingi, na kwa sababu sehemu kubwa ya mambo yaliyompeleka kwenye kitanzi ilitendeka katika bahari hii hii ambayo watoto wangu wanaiona wakitoka nje ya lango la shule.

Kipindi cha kwanza, basi, hakina jina la Kidd hata mara moja. Ninaandika ubaoni jina la chombo, Quedagh Merchant, na chini yake orodha ya vitu: hariri, melimeli, sukari, chuma, shura, afyuni, dhahabu na fedha. Ninawaambia kwamba meli hii ilikuwa ya India, ilikodishwa na wafanyabiashara Waarmenia, nahodha wake alikuwa Mwingereza, sehemu ya shehena ilikuwa mali ya mkubwa mmoja wa dola ya Mughal iliyotawala sehemu kubwa ya India wakati ule, na ilikuwa ikisafiri kwa hati ya ulinzi iliyotolewa na Wafaransa. Kisha ninawagawa watoto: hawa ni wafumaji waliosubiri kulipwa, hawa ni mabaharia, hawa ni wafanyabiashara waliokopa ili kununua sukari. Kila kundi linaeleza linatarajia nini meli itakapofika Surat, bandari ya magharibi mwa India. Mwisho wa kipindi ninaufuta ubao wote kwa mkono mmoja na kusema kwamba tarehe 30 Januari 1698, karibu na pwani ya kusini-magharibi ya India, meli hiyo ilitekwa. Ukimya unaofuata ndio unaoniruhusu kumtaja Kidd kipindi kinachofuata.

Maisha yake ya awali ninayapitia haraka, kwani watoto hawana haja ya kukariri majina ya mabwana wa Uingereza. Inatosha wajue kwamba Kidd alikuwa mtu mwenye heshima yake katika mji wa New York, alimwoa mjane tajiri mwaka 1691, na mwaka 1695 alikwenda London, ambako wakubwa kadhaa wa serikali walichanga fedha ili apewe meli mpya, Adventure Galley, yenye mizinga 34 na makasia ya kuiendesha upepo unapokufa. Mfalme William wa Tatu alimpa hati mbili: moja ya kuwakamata maharamia, nyingine ya kuziteka meli za Ufaransa, kwa sababu nchi hizo mbili zilikuwa vitani. Hapa pana jambo ambalo mwalimu asiliruke. Kuna utekaji wa meli ambao sheria ya wakati ule iliuita uharamia, na kuna utekaji wa namna ile ile ulioitwa halali kwa sababu mtekaji alikuwa na karatasi ya mfalme. Watoto wa miaka 10 wanaielewa tofauti hiyo vizuri sana, pengine kuliko sisi, na daima yupo mmoja anayeuliza kama yule aliyetekwa naye aliiona tofauti.

Safari yenyewe ndiyo mali ya mwalimu wa pwani. Kidd alifika Madagaska mwanzoni mwa 1697, akaenda Komoro, na wakati wa kusi akaelekea kaskazini hadi mlango wa Bahari ya Shamu, Bab el-Mandeb, kuzisubiri meli zilizokuwa zikitoka Mocha, bandari ya Yemeni, kurudi India. Badala ya kuwaeleza sababu, ninawauliza: kwa nini alikwenda Julai na si Desemba? Mtoto wa mvuvi anajibu kabla sijamaliza swali. Na kwa nini, baada ya miezi kadhaa katika pwani ya India, alirudi Madagaska na kufika Aprili 1698? Kwa sababu alipanda na kusi na kushuka na mkia wa kaskazi, kama majahazi ya babu zao. Kwa mtoto wa namna hii ramani haina ugeni wowote, na haramia anakuwa baharia anayetii pepo zile zile anazozijua yeye. Huko Bab el-Mandeb, Agosti 1697, Kidd aliukaribia msafara uliobeba mahujaji na wafanyabiashara, akafukuzwa na meli ya Kiingereza iliyokuwa ikiusindikiza. Liandike jambo hilo pembeni ya ubao na usilifute, kwa sababu litahitajika siku ya kesi.

Kuhusu Komoro, tunatoka nje. Kidd aliondoka New York na watu wapatao 150, na katika kisiwa cha Mwali, ambako walikuwa wamekipweleza chombo ili kukikwangua na kuziba nyufa, ugonjwa uliwaua watu kama 50 kwa muda mfupi sana. Darasa langu la mwaka jana lilikuwa na wanafunzi 72, kwa hiyo niliwapanga safu uwanjani na kumwambia kila wa tatu achuchumae. Walipowaona wenzao 24 wako chini, walielewa hesabu hiyo kuliko sehemu yoyote niliyowahi kuiandika ubaoni. Hapo ndipo pa kuwaeleza pia kwamba mabaharia hawa hawakuwa na mshahara: bila meli ya kuteka, hakuna malipo. Njaa, vifo, chombo kinachovuja kiasi kwamba watu wanafua maji usiku na mchana, na mkataba usiolipa kitu. Mambo hayo ndiyo yaliyozaa ugomvi kati ya Kidd na mpiga mizinga wake, William Moore, mwishoni mwa Oktoba 1697. Kidd alimwita mbwa, Moore akajibu kwamba kama yeye ni mbwa basi ni Kidd aliyemfanya hivyo, na Kidd akampiga kichwani kwa ndoo ya mbao yenye pete za chuma. Moore alikufa kesho yake. Ninausimulia mkasa huu kwa sentensi chache bila kuuigiza, na ninawashauri wenzangu wasiuigize, maana ndoo zipo katika kila shule.

Kuna sehemu ambayo vitabu vingi vya watoto huiacha, nami niliiacha kwa miaka miwili kwa woga. Mwaka 1699, akijua kwamba anasakwa, Kidd alipita katika kisiwa cha John Gardiner karibu na New York na kuacha huko vitu vyake. Katika maelezo aliyotoa baadaye, Gardiner alitaja kwamba pamoja na vitu hivyo Kidd aliacha watoto watatu weusi, wavulana wawili na msichana mmoja, watunzwe hadi atakaporudi. Maharamia waliotua Sainte-Marie, mashariki mwa Madagaska, walifanya biashara na New York, na watumwa walikuwa sehemu ya biashara hiyo. Nilipowasomea watoto jambo hili kwa mara ya kwanza, msichana mmoja wa dawati la mbele aliuliza majina yao. Nilimwambia kwamba Gardiner hakuwataja kwa majina. Akauliza tena, akidhani sikumsikia. Tangu siku hiyo watoto hao watatu wamo katika orodha ya ubaoni pamoja na hariri na sukari, kwa maana katika karatasi za wakati ule walihesabiwa kama mali, na darasa huona lenyewe kwamba kuna jambo lililopotoka katika orodha hiyo.

Kesi ndiyo kiini cha somo, nami huipa vipindi viwili. Kidd alikamatwa Boston mwezi Julai 1699 kwa amri ya gavana Bellomont, ambaye alikuwa mmoja wa wale wale waliomtuma, akapelekwa London na kushtakiwa Mei 1701 kwa kumuua Moore na kwa uharamia. Utetezi wake mkubwa ulikuwa kwamba meli mbili alizoziteka zilikuwa na hati za Kifaransa, na kwamba hati hizo alizikabidhi kwa Bellomont. Mahakamani hazikuonekana. Mashahidi wawili wakuu dhidi yake walikuwa mabaharia wake mwenyewe waliosamehewa, mmoja wao mganga wa meli. Ninawagawia watoto vikaratasi: maneno ya mganga, maneno ya Kidd, habari za Bab el-Mandeb, habari za ndoo, orodha ya shehena. Hati za Kifaransa ninaziandika pia, lakini ninazificha chini ya kitabu cha mahudhurio. Wanatoa hukumu, na kila mwaka wengi humtia hatiani.

Kipindi kinachofuata ninazitoa hati na kuwaambia ukweli wenyewe: zilipatikana katika nyaraka za serikali huko London mwanzoni mwa karne ya 20, miaka 200 baada ya Kidd kunyongwa. Kelele zinazofuata zitamtia wasiwasi mwalimu wa darasa la jirani, hivyo mwarifu mapema. Kuna watoto wanaokasirika kwa ajili ya Kidd, na kuna wale wanaojutia kura zao. Usiwaache hapo. Waelekeze kwenye pembe ya ubao, kwenye msafara wa mahujaji ambao haukuwa wa Wafaransa, kisha kwenye ndoo, kisha kwenye swali gumu zaidi: kama meli ilikuwa halali kutekwa, kwa nini aliuza shehena na kugawana fedha na mabaharia badala ya kuipeleka mbele ya mahakama kama hati yake ilivyomtaka? Mwaka jana mvulana mmoja alisema kwamba Kidd alionewa na pia aliiba, akaketi. Sikuongeza neno.

Kuhusu kifo chake, ninasema tu kwamba alinyongwa kando ya mto Thames tarehe 23 Mei 1701. Habari za kamba iliyokatika na mwili uliotundikwa kwenye minyororo ni za kweli, lakini zisubiri madarasa ya juu.

Watoto watauliza hazina iko wapi, na hakuna haja ya kuwakatisha tamaa ghafla. Ile aliyoiacha kwa Gardiner ilichukuliwa mara moja na wakubwa na kupelekwa London kuwa ushahidi. Mabaki ya Quedagh Merchant yalitambuliwa mwaka 2007 karibu na kisiwa cha Catalina, Jamhuri ya Dominika, na mnamo 2011 mahali hapo pakafanywa makumbusho chini ya maji. Lakini kisa ninachokipenda ni cha 2015, pale wapiga mbizi walipotangaza huko Sainte-Marie kwamba wamepata kipande cha fedha cha kilo 50 kutoka katika meli ya Kidd, na wataalamu wa UNESCO walipokipima wakakuta asilimia 95 yake ni risasi, madini yale yale ya chubwi la mshipi. Mwambie mtoto ajaribu kuinua mfuko wa saruji ili ajue kilo 50 ni kitu gani, kisha mpe chubwi alishike.

Yote haya huchukua vipindi vitano vya Maarifa ya Jamii. Ukiwa na vitatu tu, acha hazina na upunguze safari, ingawa itakuuma. Orodha ya shehena na kesi zisiguswe. Na hati za Kifaransa uziandike kwa mkono wako mwenyewe usiku uliotangulia, kwa sababu mwaka mmoja nilimwomba mwanafunzi azinakili, na hadi kengele ya asubuhi darasa zima lilikuwa limeshajua zilipofichwa.