Shangazi wa Safari: Tokyo haimalizwi kwa siku kumi

Barua kadhaa za mwezi huu zinauliza mji mmoja, nimeona niziweke pamoja. Nilisoma Tokyo ujanani, kisha nikakaa miaka mingi Dar es Salaam nikiwakatia watu tiketi za ndege.

Shikamoo Shangazi. Mimi ni muuguzi, Tanga. Mimi na dada yangu tumecheza upatu hadi tumepata nauli, tunataka kwenda Tokyo siku kumi kutembea tu, si semina wala biashara. Orodha yangu ina Asakusa, Shibuya, Skytree, Disneyland, mlima Fuji, Kyoto, Osaka, Hiroshima na mengine mengi. Wakala anasema tulipe tiketi kwanza ndipo tuombe viza, tena tununue pasi ya treni ya nchi nzima. Likizo yangu ni Agosti. Unatushauri nini?

Marahaba mwanangu. Kwanza nimefurahi mmeandika "kutembea tu" bila haya. Huku kwetu mtu akipanda ndege ya kwenda Asia lazima atafute kisingizio cha mzigo wa Guangzhou.

Tiketi msilipe. Ubalozi wa Japani unataka kuona nafasi mliyoshika kwenye ndege, haulazimishi tiketi iliyolipiwa. Viza ikikataliwa, wakala atakurudishieni pole tu. Pelekeni fomu, picha, barua ya mwajiri, taarifa ya benki, na ratiba ya siku kwa siku inayoonyesha mtakuwa wapi na mtalala wapi. Msiombe mapema mno pia, kwa sababu viza ya kuingia mara moja hutumika ndani ya miezi 3 tangu itolewe.

Ratiba hiyo ndiyo itakayoikata orodha yako, na mimi nakuombea ikate bila huruma. Tokyo haina katikati. Ina kata kuu 23, na kila moja ni kama mji wenye meya, maduka na kelele zake. Anayejaribu kuuona wote huishia kuona vituo vya treni, na kituo cha Shinjuku peke yake kina milango ya kutokea zaidi ya 200. Kwa hiyo siku moja, upande mmoja. Chukueni hoteli Ueno au Asakusa, upande wa mashariki. Vyumba ni vya bei nafuu kuliko Shinjuku, na treni ya Keisei inawaleta moja kwa moja kutoka uwanja wa Narita, ambao uko kama kilomita 60 nje ya mji. Soma bei kwa makini: hoteli nyingi za Japani hutoza kwa kichwa, si kwa chumba. Na chumba chenyewe ni kidogo, masanduku mawili makubwa yakifunguliwa pamoja dada yako atakosa pa kukanyaga.

Asakusa nendeni asubuhi sana, kabla ya saa 2, maduka ya njia ya Nakamise yakiwa bado yamefungwa. Hekalu la Sensoji lina hadithi ambayo mtu wa Tanga ataielewa haraka: mwaka 628, wanasimulia, ndugu wawili wavuvi walitupa wavu katika mto Sumida wakavua sanamu ya Kannon, mtakatifu wa huruma wa Kibudha. Wakairudisha majini, ikaja tena. Hekalu kubwa likajengwa kwa ajili ya sanamu hiyo, na haionyeshwi kwa mtu. Jengo mnaloliona si la kale. La zamani liliungua kwa mabomu ya mwaka 1945, hili likakamilika 1958. Mimi nilipendea zaidi vichochoro vya nyuma, ambako wazee hunywa chai na kubishana. Kutoka hapo tembeeni kwa miguu hadi bustani ya Ueno, kuna makumbusho ya taifa na bwawa la mayungiyungi. Siku imekwisha, na hamjapanda treni hata moja.

Soko la samaki lisiachwe. Mnada ulihamishwa kutoka Tsukiji kwenda Toyosu mwaka 2018, na huko jodari wakubwa kama mapipa huuzwa alfajiri kwa ishara za vidole. Ukitaka kusimama karibu unaomba kwa bahati nasibu. Wengine hutazama nyuma ya kioo. Aliyezoea kelele za Feri, soko la samaki la Dar es Salaam, atashangaa jinsi mahali penyewe palivyo safi na pa baridi. Kwa kula, rudini Tsukiji: vibanda vya nje ya soko la zamani havikuhama.

Mnara wa Skytree una mita 634 na kiingilio chake kinauma. Jengo la serikali ya jiji kule Shinjuku lina ukumbi wa kutazamia kwenye ghorofa ya 45, bure kabisa, na siku ya anga safi Fuji inaonekana ukiwa hapo. Disneyland, kwa taarifa yako, haiko hata Tokyo, iko mkoa jirani wa Chiba. Kama hamna mtoto, ifuteni.

Kuhusu pasi: bei ilipanda sana Oktoba 2023, na ya siku 7 ikawa yeni 50,000. Kwenda Kyoto na kurudi kwa treni ya kasi ni kama yeni 28,000. Piga hesabu mwenyewe, halafu mwulize wakala anapata kamisheni kiasi gani. Kyoto nendeni siku mbili mkipenda. Osaka na Hiroshima ziacheni. Mkiwa mjini, kadi ya Suica inatosha: unaweka pesa, unagusa mlangoni, unapita.

Na Agosti hapana. Usidhani Japani ni nchi ya baridi mwaka mzima. Agosti joto hufika nyuzi 35 na jasho halikauki. Omba likizo ibadilishwe iwe Novemba. Hewa ni kavu, sweta moja na koti jepesi vinatosha, na mwishoni mwa mwezi miti ya ginkgo inageuka dhahabu barabara nzima. Maua ya micheri ya mwisho wa Machi ni mazuri kweli, lakini bei za hoteli wakati huo ni za watu wengine.

Kikaushio cha nywele kiache nyumbani. Umeme wao ni volti 100, chako cha volti 230 kitapuliza kama mgonjwa. Chaja ya simu haina tatizo, tafuta tu plagi ya pini mbili bapa. Na wewe muuguzi waambie wenzio: dawa za mafua zenye pseudoefedrini zaidi ya asilimia 10 haziingizwi nchini humo, hata kidonge kimoja cha mkobani.

Assalaam alaykum Shangazi. Sisi ni familia ya Mombasa. Tutakula nini Tokyo, na tutaswali wapi?

Waalaykum salaam. Nguruwe kule hujificha: yumo kwenye supu ya tambi iitwayo rameni, na mafuta yake yamo hata kwenye vitu vinavyoonekana vya mboga. Pombe ya kupikia iitwayo mirin nayo hutiwa kwenye michuzi mingi. Msikisie. Shukeni kituo cha Shin-Okubo, kituo kimoja tu kutoka Shinjuku kwa treni ya kijani ya Yamanote. Kuna kichochoro cha maduka ya nyama halali, viungo na biriani za Wabangladeshi na Wanepali. Hata pilipili mtapata.

Swala ya Ijumaa nendeni Tokyo Camii, karibu na kituo cha Yoyogi-Uehara. Msikiti wa kwanza hapo ulijengwa 1938 na Watatari, Waislamu kutoka Urusi waliokimbilia Japani; ulibomolewa, na huu wa sasa, wa mtindo wa Kituruki, ukafunguliwa mwaka 2000. Chini pana duka la vyakula. Kwingineko bebeni mswala mwepesi. Na bebeni mfuko wa taka: mapipa ya barabarani ni machache sana, maganda mtarudi nayo hotelini.

Shangazi, mambo! Niko Nairobi, naenda na mabeshte wawili. Tunataka kujionea usiku wa Shinjuku.

Poa mwanangu. Treni hulala. Za mwisho huondoka kati ya saa 6 na saa 7 usiku, za kwanza huanza karibu saa 11 alfajiri, na teksi ya katikati hapo itawala pesa ya siku mbili. Ama rudini mapema, ama kesheni mpaka treni ya kwanza. Kule Kabukicho, mtaa wa starehe wa Shinjuku, kijana mtanashati akiwafuata barabarani akiwaahidi kinywaji cha bei rahisi, endeleeni kutembea hata kama anaongea Kiingereza kitamu. Bili ya mlango aliotaka kuwaingiza haifanani na alichosema.

Shangazi, mama yangu ni mzee na lazima nimpigie kila siku. Nitajuaje saa ya nyumbani? (Morogoro)

Hii ndiyo rahisi kuliko zote. Tokyo iko mbele yetu kwa saa 6, mwaka mzima. Kwa hiyo usipige hesabu yoyote: tazama saa ya mishale pale kituoni, namba inayoonyeshwa na mshale mfupi ndiyo saa ya Morogoro kwa hesabu yetu ya Kiswahili. Mshale ukiwa kwenye 2 mchana, mama yako ni saa 2 asubuhi, anakunywa chai. Ukiwa kwenye 8 usiku, kwake ni saa 8 mchana. Usimpigie tu ukiwa unapata kifungua kinywa mshale uko kwenye 7, maana kwake itakuwa saa 7 usiku, na simu ya saa hiyo mama yeyote ataipokea akidhani kuna msiba.