Makato ya Bodi ya Mikopo, ada ya chuo na kikokotoo cha pensheni: tunajibu maswali yenu

SWALI: Nina miezi mitatu kazini, kampuni binafsi. Mshahara wa msingi ni 800,000, sina posho. Benki inaingia 540,000 tu. Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu inanidai milioni 12, na nina mkopo wa kausha damu wa 300,000 kwa riba ya 20% kwa mwezi. Bonasi ikitoka, nianze kupunguza deni la Bodi?
Mhitimu, Mwanza

JIBU: Kwanza, hujaibiwa. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inachukua 10% yako, yaani 80,000. Kodi ya mshahara (PAYE) hupigwa kwenye 720,000 zinazobaki, si kwenye 800,000, na hapo ndipo wengi wanapokosea wakikokotoa wenyewe. Shilingi 270,000 za mwanzo hazina kodi. 250,000 zinazofuata hutozwa 8%, ambayo ni 20,000. Na 200,000 za mwisho hutozwa 20%, ambayo ni 40,000. Kodi jumla 60,000. Bodi inakata 15% ya mshahara wa msingi, 120,000. Toa yote, unabaki na 540,000 kamili.

Sasa bonasi. Ile tozo ya 6% ya kulinda thamani ya mkopo wa Bodi ilifutwa mwaka 2021, pamoja na adhabu ya 10% kwa wacheleweshaji. Maana yake deni lako haliumuki tena. Kwa 120,000 kila mwezi litaisha baada ya miezi 100, na mapema zaidi mshahara ukipanda, kwa kuwa 15% nayo inapanda. Kausha damu inakula 60,000 za riba peke yake kila mwezi: ndani ya miezi mitano umelipa 300,000 na deni la awali bado limekaa palepale. Bonasi yote iende huko. Kukimbilia kulipa Bodi huku kausha damu inakunyonya ni kuziba tundu la panya na mlango uko wazi.

Jambo moja la kukagua: Bodi inakutambua kwa namba yako ya mtihani wa kidato cha nne. Mwajiri akikosea tarakimu moja, makato yanatoka kwako lakini deni halishuki. Omba taarifa ya deni Bodi, uilinganishe na hati zako za mshahara mwezi kwa mwezi. Na siku utakayomaliza, chukua uthibitisho wa maandishi uupeleke kwa mhasibu wenu, maana mashine ya mishahara haijui kwamba umemaliza; itaendelea kukata.

SWALI: Mwanangu yuko kidato cha kwanza. Nataka akienda chuo nisihangaike. Naweza kuweka 125,000 kwa mwezi. Kuna mtu benki ananishawishi ninunue hatifungani ya serikali ya miaka 25 kwa sababu riba yake ni kubwa. Nifanyeje?
Mzazi, Morogoro

JIBU: Una miaka sita, miezi 72, kwa hiyo utakuwa na milioni 9 kabla ya faida yoyote. Hatifungani ni fedha unazoikopesha serikali. Ya miaka 25 inalipa riba kila baada ya miezi sita, sawa, lakini mtaji wenyewe unarudi mtoto akiwa na watoto wake. Ukitaka kutoka mapema lazima uiuze sokoni, na kama riba za hatifungani mpya zimepanda wakati huo, yako itanunuliwa kwa bei pungufu. Tafuta inayoiva karibu na siku ya ada: ya miaka mitano ukiinunua mwakani inakutosha. Mnada wa Benki Kuu unaanzia shilingi 1,000,000, kwa hiyo kusanya kwanza kwenye mfuko wa vipande, yaani mfuko wa uwekezaji wa pamoja, kama ule wa Ukwasi wa UTT, kisha uhamishe. Fedha za mwaka wa mwisho kabla ya chuo ziache kwenye vipande hivyohivyo, ziwe karibu.

Hata ukiwa na akiba, mwanao aombe mkopo wa Bodi. Kinachowaangusha waombaji wengi ni majina: cheti cha kuzaliwa kinasema hivi, cheti cha kidato cha nne kinasema vile. Linganisha vyeti hivyo leo, si wiki ya mwisho ya maombi, kwa sababu cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa usajili wa vizazi, na marekebisho yanachukua muda.

SWALI: Nina miaka 46, kiwandani. NSSF inaonyesha nimechangia miezi 132, lakini kuna miezi tisa mwajiri alikata na haionekani. Nitapata pensheni kiasi gani?
Fundi mitambo, Tanga

JIBU: Kikokotoo ni hiki: miezi uliyochangia, gawa kwa 580, zidisha kwa wastani wa mishahara yako bora ya miaka mitatu ndani ya kumi ya mwisho. Tuseme wastani ni 900,000 kwa mwezi. Ukistaafu kwa hiari ukiwa na 55 utakuwa na miezi 240: pensheni kamili ni kama 372,000 kwa mwezi. Ukifika 60, miezi 300: kama 465,000. Hizo ni kabla ya mkupuo, yaani fedha za mara moja unapostaafu. Ukichukua mkupuo, ya kila mwezi inapungua. Chini ya miezi 180 hustahili pensheni ya uzeeni, kwa hiyo usikubali kuacha kazi sasa.

Hiyo miezi tisa ina thamani ya karibu 14,000 kila mwezi hadi mwisho wa maisha yako. Peleka hati za mshahara za miezi hiyo ofisi ya NSSF ya karibu, uandike malalamiko, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Hati ya mshahara inayoonyesha makato ndiyo ushahidi wako mkubwa. Kama umezitupa, taarifa ya benki yenye mshahara uliokatwa inaweza kukusaidia.

SWALI: Je, kikoba kinatosha kwa uzeeni?
Mama lishe, Dodoma

JIBU: Hapana, mama. Kikoba huvunjwa kila mwaka na fedha zinaishia kwenye ada na mtaji, na hiyo ndiyo kazi yake. Kwa uzeeni jiandikishe NSSF kama mchangiaji wa sekta isiyo rasmi. Nenda na namba ya NIDA.